Mikroskopi ya koperative: namna ya kupanga lenzi ili telefone ione wadudu wa muhogo



Mu mashamba ya muhogo, hapa Kalemie kama vile ku Nyunzu na ku Moba, kuko majani yenye kukunjamana na yenye madoa ya manjano. Mutu mumoja anapita, anasema: "Ni mozaiki." Mwingine anasema: "Hapana, ni tududu, tununue dawa." Wote wawili wanaangalia jani moja, na kila mumoja anaweza kuwa na haki. Jicho peke yake linashindwa kukata hayo maneno.

Lakini inaomba yakatwe, kwa sababu kazi ya kufanya haiko moja. Mozaiki ni virusi. Inakaa ndani ya muti muzima, na mwenye kukata vijiti vya kupanda ku muti huo anapanda ugonjwa pamoja na muhogo. Hakuna dawa ya duka yenye kuiponyesha. Inaomba kung'oa miti yenye ugonjwa wakati ingali midogo, na kuchukua vijiti ku miti yenye afya tu. Utitiri wa kijani, kale kadudu ka miguu munane, ni jambo lingine. Unaongezeka sana wakati wa kipwa, unanyonya majani ya juu, kisha mvua ikirudi muti unatoa majani mapya. Mwenye kung'oa shamba juu ya utitiri amepoteza chakula cha miezi mingi bure. Na koperative yenye kugawia mamemba wake vijiti vya mozaiki, ikizania ilikuwa utitiri tu, imepeleka ugonjwa ku kila nyumba.

Tena kuko dawa. Franka zenye kutumika kununua dawa ya wadudu juu ya virusi, hazirudi.

Utitiri unapima karibu nusu ya milimetre. Whisky ya duka haitasaidia kuuona, na miwani ya kusomea pia haitoshi. Lakini lenzi moja ndogo, yenye kutoka mu chombo kibovu, ikiwekwa vizuri mbele ya telefone, inatosha. Mu buletini hii tunaeleza namna ya kuipanga. Kazi kubwa haiko mbao wala bulo. Kazi kubwa ni lenzi: iko wapi, inaangalia upande gani, na inakaa mbali namna gani na jani.

Telefone iko na jicho tayari

Mbele ya kamera ya telefone yenu kuko lenzi tayari. Juu ya nini basi, mukiifikisha karibu sana na jani, picha inakuwa kama moshi?

Kitu chenye kuwa mbali, mwanga wake unafika ku kamera karibu ukiwa sawasawa, mistari kando ya mistari. Lenzi ya telefone ilitengenezwa kwa kupokea mwanga wa namna hiyo na kuukusanya ndani. Kitu chenye kuwa karibu sana, mwanga wake unafika ukiwa umetawanyika, na lenzi ya telefone haina nguvu ya kuukusanya. Njo maana picha inaharibika.

Tukitia lenzi ya pili mbele ya kamera, hiyo ya pili inapokea mwanga wenye kutawanyika wa jani, inaunyoosha, inaupatia telefone ukiwa sawasawa. Telefone inazania jani liko mbali, na inapiga picha safi. Mikroskopi yetu yote ni jambo hilo moja: lenzi mbili zenye kuangaliana, ya kwanza inanyoosha mwanga, ya pili inaukusanya.

Kila lenzi iko na urefu wake wa kukusanya, kwa Kifaransa foyer. Ni urefu kutoka ku lenzi mupaka pale mwanga wa jua unakutana kuwa nukta moja. Watoto wenye kuchomea karatasi kwa kioo cha kukuza wanaujua muzuri. Ku kamera ya telefone nyingi urefu huo ni karibu milimetre 4. Kwa lenzi ya kuongeza, mushike mambo mbili:

1. Jani likae pale pale kwenye foyer ya lenzi ya kuongeza. Karibu zaidi ao mbali zaidi, picha inapotea.
2. Foyer ikiwa fupi, picha inakuzwa zaidi. Foyer ikiwa ndefu, inakuzwa kidogo, lakini kazi inakuwa rahisi.

Hii haiko kazi mupya. Mu miaka ya 1670, ku muji wa Delft mu Uholanzi, muuzaji wa vitambaa jina lake Antonie van Leeuwenhoek alikuwa anasugua lenzi ndogo kama mbegu, anafunga moja tu kati ya mabati mawili. Kwa chombo hicho aliona tuviumbe twa mu maji, twenye hakuna mutu alikuwa ametuona mbele yake, na mwaka wa 1676 aliandikia wenye elimu wa London juu yatwo. Lenzi moja nzuri, yenye kuwekwa pahali pake, inaweza kufanya mengi.

Lenzi zinapatikana wapi

Musiende kununua lenzi mupya. Muulize fundi wa telefone na fundi wa redio ku soko. Mu sanduku lao la vyombo vibovu kuko aina tatu zenye kufaa.

Ya kwanza ni lenzi ya laser ndogo ya mukono, ile ya mwanga mwekundu yenye watoto wanachezea. Mukifungua kichwa chake, mutapata kalenzi ka plastiki. Mara nyingi foyer yake inapita ile ya telefone, kwa hiyo inakuza kwa kadiri, na jani haliombi kukaa karibu kabisa. Kwa wenye kuanza, hii njo muzuri.

Ya pili ni lenzi ya DVD ao CD mbovu. Mukifungua DVD, mutaona kalenzi kenye kungaa rangi ya bluu, kamening'inia ku tuwaya twembamba pale kisahani kilikuwa kinazungukia. Mukate tuwaya na mutoe lenzi kwa kushika kandokando tu. Foyer yake ni karibu milimetre 3 ao 4. Inakuza muzuri na picha ni safi sana, lakini jani litakaa milimetre 1 ao 2 tu mbele yake.

Ya tatu ni kamera ya telefone yenye kufa. Fundi anaweza kutoa kile kichwa cha kamera na kuondoa kile kipande cha chini chenye kupokea picha. Inabakia lenzi yenyewe. Ni lenzi nzuri kupita zote, lakini ni ndogo, inavunjika upesi, na jani litakaa karibu kuigusa.

Angalisho: wakati wa kufungua laser ao DVD, mutoe kwanza pile ao mutenge na umeme, na musiiwashe tena. Mwanga wa laser unaharibu jicho. Na musiangalie jua kupitia lenzi yoyote.

Kama lenzi haijapatikana, tone la maji linaweza kuonyesha kanuni. Tone la mviringo, foyer yake kutoka katikati ya tone ni sawa na upana wake: tone la milimetre 4, foyer milimetre 4. Munaweza kufundishia watoto, lakini tone linakauka na kutikisika, haliwezi kufanya kazi ya koperative.

Upande gani uangalie jani?

Hapa njo wengi wanakosea, na kisha wanasema lenzi ni mbaya. Lenzi hizi hazina pande mbili zenye kufanana. Kuko upande wenye uvimbe zaidi na upande wenye kulala zaidi, na kila moja iko na kazi yake.

Mukumbuke lenzi ilikuwa inafanya nini mu chombo chake cha zamani. Kila moja ilikuwa na upande mumoja wenye kuangalia kitu kidogo cha karibu sana. Lenzi ya laser, upande mumoja ulikuwa unaangalia ile nukta yenye kutoa mwanga. Lenzi ya DVD, upande mumoja ulikuwa unaangalia kisahani. Lenzi ya kamera, upande wa ndani ulikuwa unaangalia kile kipande chenye kupokea picha. Basi kanuni ni moja kwa zote tatu: upande wenye ulikuwa unaangalia kitu cha karibu, huo njo utaangalia jani. Upande wa pili utaangalia telefone.

Kwa lenzi ya kamera maana yake ni kuigeuza kinyume: uso wenye ulikuwa nje sasa unaangalia telefone yenu, uso kwa uso. Kama mumesahau upande, mujaribu pande zote mbili juu ya herufi za gazeti. Upande wa haki unaonyesha herufi safi katikati mupaka karibu na pembeni. Upande mubaya unaonyesha katikati tu, pembeni kote ni ukungu.

Jaribio la kwanza: epengle ya nywele

Mbele ya kukata mbao, mujaribu lenzi kwa dakika tano. Muchukue epengle ya nywele ya mama, ile yenye kubana. Mubanishe lenzi ya laser katikati ya midomo yake. Mulaze epengle juu ya telefone, lenzi ikiwa mbele kabisa ya jicho la kamera, kisha mufunge epengle kwa skochi.

Mambo tatu ya kuangalia:

Lenzi na kamera zikae katikati ya zenyewe. Lenzi ikihama hata milimetre moja, upande mumoja wa picha unakuwa mweusi.

Lenzi ikae karibu na kamera kadiri inawezekana. Ikiwa mbali, mutaona kaduara kadogo ka mwanga mu katikati ya giza, kama kuangalia kupitia tundu la ufunguo.

Kama telefone iko na kamera mbili ao tatu, mujue ni gani inafanya kazi. Mufunike moja moja kwa kidole mupaka picha ifungike. Telefone zingine zinahama zenyewe kwenda ku kamera ingine mukikaribia kitu. Ikifanya hivyo, muizuie mu mipango ya kamera, ao mutumie telefone yenye jicho moja. Telefone ya zamani inafaa kabisa.

Sasa mushushe telefone polepole juu ya rula ao gazeti. Mutaona ukungu, kisha mara moja picha safi, kisha ukungu tena. Pale picha iko safi njo foyer.

Mutatambua pia kwamba mukono hauwezi kutulia. Kipande cha urefu chenye picha iko safi ni kidogo sana, karibu na unene wa unywele. Mukipumua, picha imepotea. Njo maana inaomba kiti cha mikroskopi.

Kiti cha mikroskopi

Vitu vya kutafuta:

- kibao cha chini, cha mbao, karibu santimetre 18 kwa 18;
- kibao cha juu, cha tripleksi ao plastiki ngumu, ukubwa ule ule;
- kibao cha katikati, cha plastiki yenye kupitisha mwanga, ao tripleksi yenye tundu kubwa mu katikati;
- bulo 3 za santimetre 10 ao 12, zenye kufungwa na ufunguo wa 13, pamoja na ekru 12;
- kifuniko kimoja cha chupa ya maji na kipande cha kioo chembamba;
- tochi ndogo ya LED, karatasi nyeupe, skochi nyeusi ya fundi wa umeme.

Mupange vibao vitatu kimoja juu ya kingine, mutoboe tundu tatu kwa mara moja, mbili mbele na moja nyuma, mbali na pahali telefone italala. Hivyo tundu zote zitakutana.

Mupitishe bulo kutoka chini ya kibao cha chini, zikiangalia juu, muzikaze kwa ekru 3. Mutie ekru 3 zingine, mulaze juu yazo kibao cha katikati. Mutie ekru 3 tena, mulaze kibao cha juu, na muifunge na ekru 3 za mwisho. Ku kibao cha juu, mutoboe tundu la lenzi. Lisipite upana wa lenzi sana. Mutie lenzi ndani, upande wa jani ukiangalia chini, na muishike kandokando kwa vipande vyembamba vya skochi nyeusi. Musitumie kole kali yenye kukauka upesi: moshi wake unaacha utando mweupe juu ya lenzi, na hautoki.

Telefone inalala juu ya kibao cha juu, kamera juu ya lenzi. Mukishapata pahali pake, mugongomee tumbao tuwili pembeni, ili kila mara irudie pale pale.

Kuko shida moja: ekru zenye kubeba kibao cha juu ziko na unene, zinazuia kibao cha katikati kisipande mupaka karibu na lenzi. Kifuniko cha chupa kinatatua hiyo. Mutoboe tundu mu katikati yake, mukiweke juu ya kibao cha katikati chini ya lenzi, na juu yake mulaze kioo chenye kubeba jani. Jani limepanda, mwanga bado unapita.

Ili kupata picha safi, muzungushe ekru 3 za katikati. Ku bulo ya ufunguo wa 13, muzunguko mumoja muzima unapandisha milimetre 1 na robo. Mukiisha kukaribia, muzungushe ekru moja tu: kibao kinainama kidogo, na katikati yake inapanda theluthi tu ya ule urefu. Kwa hiyo robo ya muzunguko wa ekru moja inapandisha jani karibu sehemu ya kumi ya milimetre. Hata vyombo vya bei kali vinatumia skrubu kwa kazi hiyo.

Mupande polepole mukiangalia pembeni, si ku telefone, ili jani lisiguse lenzi.

Mwanga

Kwa jani la muhogo, mwanga utoke pembeni, kwa sababu jani ni nene. Tochi ilale karibu na kioo, iangalie jani kwa kuinama. Hivyo kila kadudu kanatoa kivuli na kanaonekana. Kwa vitu vyembamba, kama utando wa kitunguu ao unga wa muhogo mu tone la maji, mutie tochi chini, kati ya kibao cha chini na cha katikati, na mufunike mwanga kwa karatasi nyeupe ili uwe laini.

Kupima

Mukiisha kupata picha safi, kazi ya kwanza ni kupiga picha ya rula. Muhesabu milimetre ngapi zinajaza picha kutoka upande mumoja mupaka upande mwingine. Tuseme ni 5, na kioo cha telefone kiko na urefu wa milimetre 100. Basi 100 kugawanya na 5, inakuwa 20: chombo chenu kinakuza mara 20. Utitiri wa milimetre 0,4 utaonekana ukiwa na milimetre 8, sawa na punje ndogo ya mupunga. Yai la inzi mweupe, lenye milimetre 0,2, litaonekana na milimetre 4. Mukipanua picha kwa vidole mutaona zaidi.

Picha ya rula muiweke. Bila hiyo, agronome mwenye kupokea picha zenu hawezi kujua kama anaangalia utitiri ao inzi.

Kuangalia nini mu shamba

Muchukue majani ku miti 10, mukitembea shamba kutoka kona mupaka kona, si ku muti mumoja wenye kuwa mubaya kupita yote. Muangalie zaidi upande wa chini wa jani, na majani madogo ya ku kichwa.

*Utitiri wa kijani.* Kadudu ka kijani kidogo, miguu munane, kanatembea polepole. Jani liko na tunukta tweupe tudogo kama kutobolewa na sindano. Ulitoka Amerika ya Kusini, na mu Afrika ulionekana mara ya kwanza ku Uganda mwaka wa 1971. Mukiona utitiri mwingine wenye kukimbia mbio ku kichwa cha muti, musifurahie kuuua: anaweza kuwa mulinzi, mwenye kula ule wa kijani. Aina moja ya walinzi hao ilitolewa Brazil na kuachiliwa ku Benin mwaka wa 1993, kisha ikaenea mu inchi nyingi.

*Inzi mweupe.* Miguu sita, mabawa meupe kama yenye unga, urefu karibu milimetre 1. Watoto wake wanakaa chini ya jani, bapa kama magamba, hawatembei. Huyu njo mubebaji wa mozaiki na wa ule ugonjwa wenye kuozesha mizizi kwa madoa ya kahawia. Inzi wakiwa wengi na mozaiki iko mu shamba la jirani, hatari ni kubwa.

*Kidugata cha muhogo.* Mwili wa pinki wenye unga mweupe. Kilionekana mu Afrika mwaka wa 1973, ku pande za Kinshasa na Brazzaville, na kiliharibu muhogo wa inchi nyingi. Dawa ya pompi haikukishinda. Chenye kilikishinda ni kanyigu kadogo kenye kupatikana Paraguay mwaka wa 1981, kenye kutaga yai ndani ya kidugata. Mwalimu wa kazi hiyo, Hans Herren, alipewa zawadi ya World Food Prize mwaka wa 1995. Kwa lenzi mutatafuta hivi: kidugata chenye kuvimba, chenye kuwa kigumu na cha kahawia, na tundu la mviringo mugongoni. Kanyigu kametokea pale. Mukiona hivyo, musipige dawa. Mutaua rafiki mbele ya adui.

*Kiwavi jeshi wa mahindi.* Alifika Afrika ya Mangaribi mwaka wa 2016, na ndani ya miaka miwili alikuwa ameenea karibu Afrika yote ya kusini ya Sahara. Mayai yake yanakaa pamoja, mia moja ao zaidi, yenye kufunikwa na manyoya kama pamba. Kila yai ni karibu milimetre 0,4. Yanaanguliwa ndani ya siku 2 ao 3 wakati wa joto. Mwenye kuyaona mapema anayapondaponda kwa vidole, na hana lazima ya dawa.

Chenye mikroskopi haitaonyesha

Haitaonyesha virusi. Hata moja. Picha ya telefone nyingi iko na karibu nukta 4000 kwa upana. Mukiangalia milimetre 5, kila nukta inabeba kitu kidogo kupita sehemu moja ya mia nane ya milimetre. Virusi za mozaiki, karibu 40 zinaweza kupangwa mustari mumoja ndani ya nukta hiyo. Na hata lenzi ya bei kali haitasaidia, kwa sababu virusi ni ndogo kupita wimbi la mwanga wenyewe.

Kwa hiyo musiseme: "Hatukuona virusi, basi hakuna mozaiki." Museme hivi: "Tumeangalia miti 10. Madoa ni makubwa, ya manjano na kijani, jani limepinda, na hakuna utitiri wala tunukta twa sindano. Basi tunashuku mozaiki." Muangalie pia majani ya kwanza kabisa, ya chini. Kama alama zilikuwako tangu muti kuchipuka, ugonjwa ulikuja ndani ya kijiti. Kama majani ya chini ni mazima na ya juu tu njo mabaya, inaweza kuwa inzi aliuleta kisha. Na mambo mbili yanaweza kukaa pamoja: muti wenye utitiri unaweza kuwa na mozaiki pia. Mukiwa na mashaka, musichukue vijiti ku muti huo.

Kazi ya koperative

Mikroskopi moja inatosha kwa koperative nzima. Muchague watu wawili, mumoja mama na mumoja kijana, wenye kuitunza. Lenzi muifute kwa pamba safi na alkoli kidogo, si kwa petroli wala asetoni, kwa sababu lenzi nyingi ni plastiki. Wakati wa masika muiweke mu bati lenye kufungwa, na mupunga mukavu ndani, ili ukungu usiote.

Kwa kila shamba mupige picha tatu: shamba lote, muti mumoja, na jani kupitia lenzi. Muandike mu kaye tarehe, jina la shamba, miezi ya muhogo, na vijiti vilitoka kwa nani. Hilo la mwisho musilisahau. Ugonjwa ukionekana mu mashamba matatu, na kaye inaonyesha vijiti vyote vilitoka pahali pamoja, mumepata mulango wenye ugonjwa uliingilia.

Kazi hii ifanyike mbele ya kugawanya vijiti, si kisha. Wiki mbili mbele ya kukata, wale wawili wazunguke shamba la mbegu na mikroskopi na kaye. Muti wenye mashaka watie kitambaa chekundu, na siku ya kukata hakuna mwenye kuugusa. Picha zenye kuwashinda, pamoja na picha ya rula, muzipeleke kwa monitere ao agronome wa sekta yenu. Tutaziangalia na tutajibu.